Jinsi ya kuandaa mafunzo ya kupinga ubaguzi wa rangi chuo kikuu: mwongozo kamili kwa wanaosoma na kufundisha Uingereza

Mwongozo huu ni wa mhadhiri, ofisa au kiongozi wa umoja wa wanafunzi aliyekabidhiwa kazi ya kuandaa mafunzo ya kupinga ubaguzi wa rangi katika chuo kikuu cha Uingereza. Nauandika kwa Kiswahili kwa kuwa wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki na Kongo huombwa kuingia katika kamati za namna hii mapema mno, wakati mwingine kabla hata hatujazoea idara tunazofanyia kazi, na sababu inayotolewa ni kwamba jambo hili tunalielewa. Kubaguliwa ni jambo moja na kujua kuendesha mafunzo ni jambo jingine. Hili la pili linadai mtu ajifunze sheria, takwimu na namna ya kuongoza mazungumzo magumu.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo, kwa kuwa hatua zote zitakazofuata zimejengwa juu yake. Mafunzo yanayojaribu kuusafisha moyo wa mtu kwa saa mbili hayafiki mbali. Yanayofika mbali ni yale yanayoshika maamuzi ambayo watu wa chuo huyafanya kila wiki, yaani nani anaitwa kwenye usaili, insha ipi inapewa alama gani na nani anasikilizwa anapolalamika, kisha yakawafundisha wahusika kuyafanya maamuzi hayo kwa utaratibu ulio wa haki na unaoweza kukaguliwa. Mwaka 2018 Tume ya Usawa na Haki za Binadamu ya Uingereza ilichapisha tathmini ya ushahidi kuhusu mafunzo ya upendeleo usio wa makusudi, na ilionekana kwamba mafunzo hayo huongeza uelewa, lakini ushahidi kwamba hubadilisha mwenendo ni haba. Desemba 2020 serikali ikatangaza kuyaondoa katika utumishi wake. Wapo walioufurahia uamuzi huo kwa sababu hawakutaka mafunzo ya aina yoyote, nami siko upande wao. Hata hivyo ushahidi wenyewe lazima uzingatiwe na kila anayepanga ratiba.

Hatua ya 1: Soma sheria kabla ya kuandika somo

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inatumika England, Wales na Scotland, na ulinzi wake dhidi ya ubaguzi wa rangi haukomei kwenye ngozi. Unahusu pia uraia, asili ya kitaifa na asili ya kikabila. Upana huo una uzito kwetu, kwa sababu Mkenya anayekebehiwa kwa Ukenya wake, Mkongo anayeambiwa arudi alikotoka na Mtanzania mwenye asili ya Kihindi anayetengwa katika kazi ya kikundi wote wanaweza kuangukia chini ya sheria hiyohiyo moja. Kifungu cha 26 kinaeleza unyanyasaji kuwa ni tendo lisilotakiwa, linalohusiana na asili ya mtu, ambalo kusudi lake au athari yake ni kumvunjia heshima au kumtengenezea mazingira ya vitisho, uadui, udhalilishaji au matusi. Washiriki wasisitiziwe neno athari. Mtu akisema kwamba hakukusudia, shauri haliishii hapo. Huangaliwa pia alivyoathirika mlengwa, mazingira ya tukio, na kama ni jambo la kueleweka tendo hilo kuwa na athari hiyo.

Kifungu cha 149 kinavitaka vyombo vya umma, na vyuo vikuu vimo, vizingatie wajibu wa kuondoa ubaguzi na kukuza usawa wa fursa katika kila vinachofanya. Wajibu huu una historia ambayo washiriki wanapaswa kuijua. Stephen Lawrence, kijana mweusi wa miaka 18, aliuawa London mwaka 1993 alipokuwa akisubiri basi. Uchunguzi ulioongozwa na Sir William Macpherson, uliotolewa mwaka 1999, ulikuta kwamba polisi walishindwa kwa sababu mojawapo ya ubaguzi wa kitaasisi, yaani taasisi nzima kushindwa kuwahudumia watu ipasavyo kwa sababu ya rangi, utamaduni au asili yao, hata pale ambapo hakuna mtu mmoja anayeonekana kuwa na chuki. Marekebisho ya mwaka 2000 ya sheria ya mahusiano ya rangi, iliyotangulia Sheria ya Usawa, yalitokana na ripoti hiyo, na ndiyo yaliyoviweka vyombo vya umma chini ya wajibu wa kutangulia kuzuia badala ya kungoja mtu alalamike.

Kwa vyuo vya England kuna mambo mawili zaidi yaliyoanza kutumika tarehe 1 Agosti 2025. Kwanza, Ofisi ya Wanafunzi, ambayo ndiyo msimamizi wa vyuo hivyo, inavitaka viwe na mafunzo kwa wafanyakazi na wanafunzi kuhusu unyanyasaji, ukiwemo wa rangi, na inavikataza kumfunga mwanafunzi mdomo kwa mikataba ya usiri. Pili, masharti makuu ya sheria ya mwaka 2023 ya uhuru wa kujieleza katika elimu ya juu yameanza kufanya kazi. Kwa mwandaaji maana yake ni kwamba unaweza kumfundisha mfanyakazi sheria, sera na utaratibu, na unaweza kumdai autekeleze, lakini usimlazimishe kukiri imani fulani au kukubali nadharia moja kuwa ndiyo ukweli pekee ili apewe cheti. Mimi siuoni mpaka huu kama kikwazo. Unamrudisha mwandaaji mahali anapopaswa kuwa, yaani kwenye mwenendo na maamuzi.

Hatua ya 2: Kusanya takwimu za chuo chako

Kabla ya kuchagua mada, iombe ofisi ya takwimu ikupe matokeo ya kila somo kwa asili ya wanafunzi, idadi ya waombaji kazi katika kila ngazi ya uajiri, na idadi ya malalamiko ya ubaguzi pamoja na muda uliotumika kuyajibu. Kama chuo kimejiunga na Mkataba wa Usawa wa Rangi, ule wenye tuzo za shaba na fedha unaosimamiwa na Advance HE, shirika la kuendeleza elimu ya juu, sehemu kubwa ya takwimu hizo imekwisha kukusanywa. Pale ambapo wanafunzi wa kundi fulani ni wachache kiasi kwamba msomaji anaweza kumtambua mtu, unganisha miaka mitatu au minne pamoja. Faragha ya mtu isiwe gharama ya mafunzo haya.

Utakachokitafuta kwanza ni pengo la madaraja. Ripoti ya mwaka 2019 ya umoja wa vyuo vikuu pamoja na umoja wa kitaifa wa wanafunzi ilionyesha kwamba, kwa wahitimu wa 2017/18, tofauti kati ya wanafunzi Wazungu na wale wasio Wazungu katika kupata daraja la kwanza au la pili la juu ilikuwa pointi 13 za asilimia, na kwa wanafunzi Weusi pengo lilikuwa kubwa zaidi. Katika ngazi ya juu ya taaluma hali haina faraja: maprofesa Weusi wamekuwa karibu asilimia 1 tu ya maprofesa wote nchini. Namba za taifa zinamshtua mshiriki kwa dakika tano, lakini namba za idara yake mwenyewe hazimpi pa kujificha. Mhadhiri wa uhandisi akiona kwamba katika somo lake, kwa miaka minne mfululizo, pengo ni dogo kwenye mitihani isiyo na majina na kubwa kwenye miradi ya vikundi, atakuja na maswali yake mwenyewe bila kusukumwa.

Usidanganywe na sifuri kwenye jedwali la malalamiko. Uchunguzi wa Tume ya Usawa uliotolewa Oktoba 2019 ulikuta kwamba asilimia 24 ya wanafunzi wa makabila madogo walikuwa wamenyanyaswa kwa sababu ya rangi tangu waanze masomo, na kwamba theluthi mbili ya wanafunzi walionyanyaswa hawakutoa taarifa kwa chuo. Chuo kisicho na malalamiko mara nyingi ni chuo kisichoaminiwa.

Hatua ya 3: Chagua maamuzi matatu, halafu walengwa

Kosa linaloua mafunzo haya ni kutaka kuwafikia watu wote kwa somo moja la mtandaoni, lenye maswali ya kubofya ambayo mtu huyamaliza akinywa chai. Chagua maamuzi matatu ambayo takwimu zako zimeyaonyesha kuwa ndiko tofauti zinakozaliwa, kisha wafundishe wale tu wanaoyafanya maamuzi hayo. Wasahihishaji wafundishwe usahihishaji, wanaokaa kwenye usaili wafundishwe usaili, na wapokeaji wa malalamiko wafundishwe kupokea malalamiko. Anza na viongozi wa idara na wajumbe wa baraza la chuo, si kwa heshima ya vyeo vyao, bali kwa sababu ndio wenye mamlaka ya kubadilisha fomu, vigezo na bajeti ambavyo washiriki wa chini yao watagundua kuwa ndivyo tatizo.

Hatua ya 4: Andaa vipindi vyenyewe

Napendekeza vipindi viwili vya dakika 90, vikitenganishwa na wiki mbili, kwa kundi lisilozidi watu 16. Nafasi katikati ni ya kazi ya nyumbani: kila mshiriki alete waraka mmoja anaoutumia katika kufanya maamuzi, kama vile vigezo vya kusahihisha, tangazo la kazi au barua ya kumjibu mlalamikaji.

Kipindi cha kwanza kianze na historia ya mahali penyewe. Kila chuo kikongwe kina yake, na historia ya jengo ambalo washiriki wamekaa ndani yake inafundisha kuliko mhadhara juu ya ubaguzi kwa ujumla. Francis Galton, aliyebuni elimu ya kuboresha uzao wa binadamu kwa kuyapanga makundi ya watu kwa ubora, alipofariki mwaka 1911 aliacha fedha zilizoanzisha uprofesa wa elimu hiyo katika chuo cha UCL, London, na Karl Pearson akawa wa kwanza kuushika. Majina yao yaliondolewa kwenye majengo ya chuo hicho Juni 2020 tu. Chuo Kikuu cha Glasgow kilichapisha mwaka 2018 uchunguzi wa misaada kiliyopokea kutoka kwa waliotajirika kwa utumwa, na mwaka 2019 kikatia sahihi makubaliano na Chuo Kikuu cha West Indies ya kutumia pauni milioni 20 kwa utafiti wa pamoja katika kipindi cha miaka 20.

Ukiwa London, tumia pia historia inayotugusa sisi moja kwa moja. Makerere tangu mwaka 1949, na chuo cha Dar es Salaam tangu kilipofunguliwa mwaka 1961, viliandaa wanafunzi kwa shahada za Chuo Kikuu cha London, kwa hiyo swali la nani anaamua kipi ni elimu lilikuwa swali la Kampala na Dar es Salaam kabla halijawa mada ya warsha za Ulaya. Mwaka 1968, katika chuo cha Nairobi, ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi, wahadhiri Taban lo Liyong, Henry Owuor-Anyumba na Ngũgĩ wa Thiong'o walitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, ili Afrika iwekwe katikati ya masomo ya fasihi na nchi nyingine zitazamwe kutokea hapo. Mfano huu una faida kubwa darasani, kwa sababu unawaonyesha Waafrika kama watu waliojenga hoja kuhusu mtaala, si kama wahanga wa kuonewa huruma tu. Baada yake mpe kila mhadhiri dakika kumi aipitie orodha yake ya vitabu na kuandika ni maandishi gani yanatajwa kuwa nadharia na yapi yanatajwa kuwa mifano tu. Jibu mara nyingi linatosha kuanzisha mjadala wa nusu saa.

Zoezi kuu la kipindi cha pili ni la kusahihisha. Wape washiriki insha moja ileile, isiyo na jina, waipe alama bila vigezo. Andika alama zote ubaoni. Kisha wape vigezo vilivyoandikwa kwa undani, waisahihishe upya, na mlinganishe. Jadilini maneno kama "uandishi wenye mvuto" au "sauti ya kitaaluma", ambayo yanampa msahihishaji nafasi ya kumtunuku anayeandika kama yeye. Waeleze pia mpaka wa usahihishaji usio na majina: unasaidia kwenye mitihani, lakini haumlindi mwanafunzi kwenye tasnifu, mawasilisho ya mdomo na kazi za vikundi, ambako msimamizi anamjua kwa sura na kwa lafudhi, na huko ndiko vigezo vilivyo wazi na msahihishaji wa pili vinakohitajika zaidi.

Tenga dakika ishirini kwa ajili ya kuingilia kati, kwa sababu watu wengi hukaa kimya si kwa ubaya bali kwa kukosa maneno. Mtu anaweza kulikatiza tukio kwa kubadilisha mazungumzo, kumwita mwenye mamlaka, kuandika kilichotokea na saa yake, au kumwendea aliyeumizwa baadaye na kumuuliza angependa kifanyike nini. Kwa anayeongoza darasa, mpe sentensi kamili ya kusema, kwa mfano: "Maneno hayo yameigusa asili yake, na hapa darasani hatuyatumii, tuendelee na swali alilouliza." Wafanye mazoezi ya kuisema kwa sauti, wawili wawili. Wahadhiri huona haya kufanya igizo kama hili, lakini sentensi ambayo ulimi haujawahi kuitamka haitoki siku inapohitajika.

Jambo la majina lisidharauliwe. Mwanafunzi anayeitwa Mwanahamisi au Ntakirutimana, ambaye kwa miaka mitatu mhadhiri hamwiti kabisa kwa kuogopa kukosea, huwa haulizwi maswali darasani, hajulikani, na siku ya kuomba barua ya mapendekezo hana wa kumwandikia. Utaratibu ni mwepesi: kila mwanafunzi, wa asili yoyote, aombwe wiki ya kwanza kurekodi jina lake kwa sauti yake, na mhadhiri asikilize kabla ya kuingia darasani.

Hatua ya 5: Tafuta wawezeshaji na uwalipe

Wawezeshaji wawe wawili, wa asili tofauti ikiwezekana, na mmoja awe mtu wa taaluma ileile na washiriki, kwa kuwa madaktari humsikiliza daktari na wanasheria humsikiliza mwanasheria. Wafanyakazi Weusi wasifanyishwe kazi hii kwa kujitolea. Kama chuo kinataka mchango wao, saa za maandalizi na za kuendesha ziingizwe kwenye mgao wa kazi wa mwaka kwa maandishi, na zitambuliwe kwenye maombi ya kupanda cheo. Kinyume cha hapo, wenzao watatumia saa hizohizo kuandika makala na kupanda vyeo, na mafunzo ya kupinga ubaguzi yatakuwa yamezidisha pengo. Wanafunzi wanaosimulia yaliyowapata walipwe kwa kiwango cha saa cha chuo. Na wewe msomaji, ukiombwa, una haki ya kukataa bila kutoa sababu.

Hatua ya 6: Kuendesha kikao

Hapa ndipo waandaaji wengi hukwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Mshiriki akisema kwamba yeye haoni rangi, usibishane naye juu ya moyo wake. Mrudishe kwenye takwimu za idara na umuulize tofauti ile inatoka wapi kama hakuna aliyeiona. Akisema kwamba tatizo ni wanafunzi kuja na maandalizi duni, swali lake ni halali na lina jibu: ripoti za pengo la madaraja zimeonyesha kwamba tofauti kubwa hubaki hata wanapolinganishwa wanafunzi walioingia na alama sawa za sekondari. Mshiriki akilia kwa kujiona analaumiwa, mpe mapumziko pamoja na mwezeshaji mmoja, na mwingine aendelee na kikao, ili chumba kizima kisigeuke kuwa cha kumbembeleza yeye huku jambo lenyewe likisahaulika.

Mtu Mweusi aliye peke yake chumbani asigeuzwe shahidi. Wengi wetu tuliokulia Dodoma, Kisumu au Bukavu hatukukua tukijitambulisha kwa rangi. Tulijitambulisha kwa ukoo, kabila, dini au mtaa, na uzoefu wa mtu mwenye asili ya Jamaika aliyezaliwa Birmingham si wetu. Mwezeshaji awe na tofauti hizo mezani, na asisahau kwamba ndani ya vyama vyetu wenyewe vya wanafunzi wamo wanaotengwa kwa weupe au weusi wa ngozi, au kwa kuambiwa kwamba si Waafrika kwa kuwa wana asili ya Kihindi au Kiarabu. Mafunzo yanayojua kusema juu ya Wazungu tu yatawaacha watu hao bila msaada.

Mshiriki anaweza kusimulia katikati ya kikao tukio lililompata. Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza, wala usimwombe ushahidi mbele ya watu. Mshukuru, mweleze kwamba mtazungumza baada ya kikao, na siku hiyohiyo uwe na mfukoni jina na simu ya mtu utakayempeleka kwake.

Hatua ya 7: Njia ya malalamiko iwe wazi kabla ya kikao cha kwanza

Mafunzo huwatia watu moyo wa kusema. Wakisema na kukuta hakuna wa kuwapokea, utakuwa umewadhuru. Hakikisha fomu ya taarifa inapatikana kwa hatua chache, inakubali taarifa isiyo na jina, na inasema ni siku ngapi mtu atajibiwa.

Wanafunzi wenye viza wana hofu yao ya pekee, na sijaona mafunzo mengi yanayoigusa. Wanajua kwamba chuo ndicho mdhamini wao na kwamba kinatoa taarifa zao serikalini, basi wananyamaza. Waambiwe waziwazi, kwa maandishi, kwamba mdhamini hutoa taarifa kuhusu mambo kama kuacha masomo au kutohudhuria, na kwamba kulalamika juu ya ubaguzi si miongoni mwayo. Tena kifungu cha 27 cha Sheria ya Usawa kinakataza kumwadhibu mtu kwa sababu amelalamika. Waelezwe pia ngazi za juu. Katika England na Wales, mwanafunzi akimaliza taratibu za ndani hupewa barua ya kukamilisha utaratibu, na ana miezi 12 kupeleka shauri bure kwa msuluhishi huru wa elimu ya juu, OIA. Mahakamani muda ni mfupi zaidi, kwa kawaida miezi 6 tangu tukio, na taratibu za ndani zinaweza kuumaliza wote. Kwa hiyo ushauri wa kisheria, kwa kuanzia kwenye ofisi ya ushauri ya umoja wa wanafunzi, utafutwe mapema.

Hatua ya 8: Pima, kisha peleka ripoti

Fomu ya kuuliza kama kikao kilipendeza haipimi kitu. Miezi mitatu baada ya mafunzo, hesabu ni masomo mangapi yamebadilisha vigezo vya kusahihisha, kamati ngapi za usaili zinatumia maswali yaleyale kwa kila mwombaji, na malalamiko yanajibiwa kwa siku ngapi. Tarajia taarifa za ubaguzi ziongezeke mwaka wa kwanza, na uliandae baraza la chuo mapema kulielewa hilo, kwa sababu wapo watakaosema kwamba mafunzo ndiyo yameleta ugomvi. Pengo la madaraja lisipimwe kabla kundi moja halijapita miaka yake yote, ambayo kwa shahada nyingi za England ni mitatu.

Ripoti iandikwe kwa kila uamuzi uliochaguliwa katika hatua ya 3, ikitaja kilichobadilika, kisichobadilika na ofisa anayehusika, na tarehe ya kurudi kwenye ajenda ya baraza iingizwe kwenye kumbukumbu za mkutano huohuo. Wahadhiri wapya wapewe vipindi vyote viwili katika muhula wao wa kwanza. Waliokwisha kupita warudi mara moja kila baada ya miaka miwili, wakiwa na takwimu mpya za masomo yao mkononi.